Wadudu walaji bustanini na nyuki mzingani: nani wa kumwogopa?

Swali la msomaji: "Nina bustani ya mboga na mizinga miwili ya nyuki, kama hatua ishirini kutoka kwenye matuta. Msimu huu kabichi zimejaa wadudu mafuta, yaani vidukari, wa kijivu, maharage yana weusi na majani yameanza kujikunja, na nyanya ukizitikisa tu nzi weupe wanaruka kama vumbi. Sitaki kupulizia sumu kwa sababu ya nyuki. Nimeshauriwa ninunue wadudu kibibi na mayai ya vunjajungu, niwaachie bustanini wale hao waharibifu. Je, wakimaliza vidukari hawatahamia kwa nyuki? Hawataingia mzingani wakala majana, watoto wa nyuki? Na wakati nikiwasubiri wafanye kazi, ni dawa gani ya asili ninayoweza kupulizia bila kuwadhuru nyuki?"

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu kwa pamoja. Nianze na linalokutia hofu zaidi, maana jibu lake ni fupi.

Mdudu kibibi hali nyuki. Hali nyuki mzima, hali majana, na hata angeyataka asingeyafikia. Windo lake ni kitu kidogo, laini, kisichojua kukimbia: kidukari, kidung'ata, utitiri, yai la nondo. Nyuki ni mkubwa kuliko yeye, anaruka haraka, na ana mwiba. Majana yamo ndani ya masega, juu yake wamejazana wafanyakazi kwa maelfu, na mlangoni kuna walinzi wanaomnusa kila anayekaribia. Vidukari wakiisha, mdudu kibibi huruka akatafuta pengine penye chakula, au hukaa kwenye maua akijishikiza kwa chavua na mbochi, yaani maji matamu ya ua. Njaa ikimzidi hula hata mayai ya wenzake. Mzingani haendi.

Ndivyo ilivyo pia kwa mabuu wa nzi wa maua, kwa mabuu wa yule mdudu wa kijani mwenye mabawa kama wavu, yaani krisopa, na kwa nyigu wadogo sana wanaotaga mayai ndani ya vidukari. Nyigu hawa nawataja kwa mkazo kwa sababu wafugaji wa nyuki wakisikia tu jina "nyigu" wanashtuka. Wengi wao urefu wao ni milimita 2 au 3, wengine hawafiki hata milimita 1. Hawajengi kiota, hawaishi kwa makundi, hawamchomi mtu. Nyigu wakubwa wanaovamia mizinga iliyodhoofika ni wengine kabisa.

Na kama siku moja utafungua mzinga ukaona vimbawakawa vya rangi ya kahawia iliyokolea kuelekea weusi, vinavyokimbilia kwenye pembe ukivipiga mwanga, usimsingizie mdudu kibibi. Huyo ni mbawakawa mdogo wa mzinga, Aethina tumida, mwenye urefu wa milimita 5 hadi 7. Anatafuta asali, chavua na majana, na hakuletwa na bustani yako. Kinga yake ni kundi lenye nguvu na mzinga usio na masega matupu yasiyolindwa.

Vunjajungu ndiye aliye tofauti, na hapa aliyekushauri amekosea. Vunjajungu hachagui. Hukaa kwenye ua akiwa ametulia kama kijiti, miguu ya mbele ameikunja, na kinachotua mbele yake ndicho chakula chake: nyuki, kipepeo, nzi wa maua, hata huyo mdudu kibibi uliyemnunua. Vidukari, akishakua, ni wadogo mno kumshughulisha. Kwa hiyo kununua mayai yake kwa ajili ya vidukari ni kuajiri mlinzi anayekula kuku wako. Aliyekuja mwenyewe bustanini mwache, usimuue. Kundi la nyuki ambalo malkia wake katika msimu mzuri hutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku halitayumba kwa kupoteza nyuki wawili watatu kwenye ua la alizeti. Ninachokataa ni kumwongeza kwa makusudi. Na kuna wengine wa kuwafikiria: kati ya aina zaidi ya 20,000 za nyuki zilizopo duniani, nyingi haziishi kwa kundi. Kila jike huchimba shimo lake au hutafuta tundu lake kwenye mti, na hulea watoto wake wachache peke yake. Huyo akikamatwa, nyumba nzima imekwisha. Nyuki hao nao huchavusha bustani yako, ingawa hawakupi asali.

Sasa tuje kwenye kabichi, maana hapo ndipo ushauri uliopewa utakugharimu bure.

Kidukari wa kijivu wa kabichi, Brevicoryne brassicae, si kidukari wa kawaida. Ule unga unaouona mwilini mwake ni nta, ndiyo maana ukimwagia maji yanateleza. Na ndani yake kuna jambo kubwa zaidi. Mimea ya jamii ya kabichi na haradali hujilinda kwa kemikali zinazoleta ule ukali unaopanda puani. Kidukari huyu hunyonya kemikali hizo, akazihifadhi mwilini, na upande mwingine wa mwili wake akaweka kimeng'enya kinachozivunja. Akitafunwa, viwili hivyo hukutana na ukali hutoka mdomoni mwa aliyemtafuna. Wapo wadudu kibibi wanaokufa wakilishwa kidukari huyu, kwa mfano yule mwenye madoa mawili, Adalia bipunctata. Wengine huweza kumla, ila si chakula kinachowanawirisha. Basi ukifungulia pakiti ya wadudu kibibi juu ya kabichi zako, usishangae wakiondoka.

Na wataondoka kwa sababu nyingine pia. Wadudu kibibi wengi wanaouzwa wakiwa wazima huwa hawakufugwa. Wale wanaouzwa sana Marekani, Hippodamia convergens, hukusanywa milimani huko California wanakojikusanya kwa maelfu kupisha baridi. Mdudu aliyetoka kwenye usingizi wa namna hiyo mwili wake unamsukuma kwanza asafiri, ndipo ale. Siku moja au mbili, wengi wameshakwenda. Baadhi hubeba vimelea vinavyoweza kuwaingia wadudu kibibi waliokuwa wakiishi kwako tangu zamani. Kuhusu kuleta aina ngeni kutoka mbali, angalia yaliyompata kila aliyemkaribisha mdudu kibibi Harmonia axyridis kutoka Asia: aliachiliwa Marekani na Ulaya ale vidukari, akala vidukari kweli, kisha akaanza kula mayai na mabuu wa wadudu kibibi wenyeji, na sasa hakuna wa kumrudisha. Ndiyo maana nchi nyingi hudai kibali cha mamlaka ya afya ya mimea kabla ya kuachilia mdudu mgeni. Ukikutana na muuzaji asiyejua jina la kisayansi la anachokuuzia, mwache.

Wanaoziweza kabichi zako ni wawili, na nina hakika kubwa kwamba tayari wapo. Chukua kioo cha kukuzia, hata kile kidogo cha kusomea, uende asubuhi jua likiwa bado halijawa kali. Geuza jani lililojaa kijivu. Usiguse chochote, tazama tu kwa dakika kumi.

Kwanza tafuta kitu kinachofanana na kinyesi cha ndege au kipande cha kamasi, cha kijani au cha udongo, hakina miguu, hakina macho, upande mmoja umechongoka. Huyo ni buu wa nzi wa maua. Atakaa kimya mpaka utadhani amekufa. Kisha ncha ile iliyochongoka itaanza kupapasa huku na huku, kama kipofu anayetafuta mlango. Ikimgusa kidukari humnasa papo hapo, humwinua juu miguu yake ikielea hewani asipate pa kushika, na utaona kidukari akisinyaa kidogo kidogo anaponyonywa, hadi libaki ganda la kutupwa. Baada ya hapo buu anapapasa tena. Kabla hajafikia kuwa bundo, ile hatua ya kati ya buu na nzi mzima, buu mmoja huweza kumaliza vidukari mamia kadhaa, na ule ukali wa kabichi haumsumbui sana.

Pili, katikati ya wale wa kijivu, tafuta kidukari asiyefanana na wenzake: amevimba, amekuwa wa mviringo, ngozi imekauka na kuwa ya rangi ya kahawia kama kibuyu kilichokaa juani. Huyo ameshakufa. Ndani yake kulikuwa na mtoto wa nyigu mdogo anayeitwa Diaeretiella rapae. Mama yake alimchoma kidukari akiwa hai, akamtagia yai moja, na buu akamla kwa ndani mpaka akabaki gamba. Ukiona kibuyu chenye tundu la duara mgongoni, lililokatwa vizuri kana kwamba ni kwa kisu, nyigu ameshatoka na yuko kazini. Ukiona kibuyu kizima kisicho na tundu, bado yumo ndani. Jani lenye vibuyu vingi ndilo jani lako la thamani kuliko yote bustanini, na inaniuma kila ninapoona mtu akiling'oa na kulichoma moto kwa sababu "lina wadudu".

Sasa jiulize wazazi wa hawa wawili wanakula nini. Nzi wa maua mzima, yule mwenye milia ya njano na nyeusi anayeelea hewani bila kusogea na watu kumdhania nyuki (mhesabu mabawa: yeye ana mawili, nyuki ana manne), hana mdomo wa kula kidukari hata mmoja. Anahitaji mbochi apate nguvu za kuruka, na jike anahitaji chavua ili mayai yakomae tumboni. Nyigu mdogo naye anaishi kwa sukari. Akiikosa maisha yake huwa ni ya siku chache tu, akiipata huongezeka sana na hutaga zaidi. Bustani iliyopaliliwa ikabaki kabichi tupu na udongo mweupe haina cha kuwapa. Watapita tu.

Hapa ndipo shauri lako la nyuki na shauri lako la vidukari yanapokuwa shauri moja. Nyuki na wadudu walaji, yaani hawa wanaokula wadudu waharibifu, wanakula meza moja, na wanakufa kwa sumu moja. Ukiwatunza hawa umewatunza na wale. Kwa hiyo fedha uliyotaka kununulia wadudu kibibi nunulia mbegu.

Wana midomo mifupi hao nzi na nyigu, hivyo ua refu lenye bomba jembamba haliwafai hata likiwa limejaa mbochi. Wanataka maua madogo yaliyo wazi. Giligilani na shamari ni bora kabisa: ziache zitoe mashina ya maua badala ya kuzing'oa zikianza kuzeeka. Haradali au kabichi mbili tatu zilizopita wakati nazo ziache zichanue. Mrihani ukichanua nyuki watakuwa juu yake kutwa nzima. Alizeti hutoa mbochi hata nje ya ua lenyewe, kwenye vijitezi vya majani, na nyigu wanavijua. Panda kidogo kidogo kila baada ya wiki tatu au nne ili pasipite siku bila ua, na pandia katikati ya matuta, hatua chache kutoka kwenye kabichi, maana nyigu mwenye urefu wa milimita 2 hasafiri kama nyuki. Pembezoni acha kipande cha magugu ya asili ya hapo ulipo. Kitakuwa na vidukari wake, na hilo lisikutishe: vidukari wengi huchagua mimea. Huyu wa kijivu wa kabichi hawezi kuishi kwenye maharage, na wengi wa kwenye nyasi hawataki mboga zako. Wao ni akiba ya chakula cha walaji siku ambazo kabichi ni safi. Wapo wachache wanaokula kila kitu, kama kidukari wa kijani Myzus persicae, lakini hao utawapata tu hata usipokuwa na magugu.

Kuhusu dawa ya asili ya kupulizia wakati unasubiri, hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote, kwa sababu neno "asili" limeua nyuki wengi.

Pareto ni ua, na dawa yake ni ya asili kweli, lakini humwua nyuki anapoguswa nayo kama inavyomwua kidukari, na humwua mdudu kibibi na nyigu wako pia. Sifa yake ni kwamba jua huivunja upesi. Hiyo haimsaidii aliyekuwepo wakati wa kupulizia. Spinosadi hutokana na bakteria wa udongoni na imeruhusiwa katika kilimo hai sehemu nyingi, ila ikiwa bado mbichi juu ya ua ni sumu kali kwa nyuki. Hatari hupungua sana baada ya kukauka kwa saa kadhaa. Kuvu wa Beauveria bassiana huuzwa kama dawa hai ya kuua wadudu, naye hachagui sana, akimpata nyuki anaweza kumwambukiza. Mwarobaini ni afadhali kwa nyuki wazima kwa sababu hufanya kazi zaidi kwa anayekula mmea, lakini mabuu wa wadudu kibibi na wa nzi wa maua hudhurika nao, na sitaupulizia kwenye chochote kilichochanua. Ile ya bakteria wa Bt (Bacillus thuringiensis) ndiyo pekee ninayoitumia bila wasiwasi, aina ile ya viwavi: humwua kiwavi anayekula jani na kuwaacha nyuki na walaji salama. Wewe lakini hujasema una viwavi, na kwa kidukari haifanyi kitu.

Dawa zinazopanda ndani ya mmea, za kundi la neonikotinoidi kama imidaklopridi, hizo usizikaribishe kabisa bustanini penye mizinga, hata kama muuzaji atakuambia unaweka kwenye udongo tu na hazigusi ua. Zinapanda na maji hadi kwenye mbochi na chavua. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku 3 kati yake kutumika nje, mashambani, mwaka 2018. Kuna njia nyingine ya hatari ambayo wengi hawaifikirii. Vidukari, vidung'ata na nzi weupe hutoa majimaji matamu yanayofanya majani yanate. Nyuki huyafuata, hasa maua yakiwa machache, na nzi wa maua na nyigu vilevile. Mwaka 2019 watafiti nchini Hispania walionyesha kwamba vidung'ata kwenye miti iliyotiwa dawa za kundi hilo walitoa majimaji yenye sumu, na nzi wa maua na nyigu walioyalamba walikufa. Kwa hiyo ile kauli ya "pulizia tu, mmea haujachanua bado" haitoshi. Kabla ya kupulizia chochote pitisha kidole kwenye jani. Likinata, nyuki wanaweza kuja.

Jihadhari pia na dawa za unga. Manyoya ya nyuki yameumbwa kushika vumbi la chavua. Unga wa sumu nao hushika vivyo hivyo, na nyuki hafii bustanini bali anaubeba hadi kwa majana.

Basi ufanye nini wiki hii? Maji kwanza. Bomba la maji lenye mgandamizo, elekeza chini ya jani, wapige vidukari waanguke. Mdomo wa kidukari umezama ndani ya mmea, ukimng'oa kwa nguvu mara nyingi mdomo huo huumia, na walioanguka wengi hawapandi tena. Maharage yafanyie hivyo kila siku mbili kwa wiki moja. Ncha zilizojikunja sana zikate. Kabichi, kwa sababu ya ile nta, utahitaji kusugua kwa vidole pale walipojazana, au sabuni.

Sabuni ninayoisema ni ya maji, isiyo na manukato wala viondoa madoa, mililita 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji. Sabuni ya unga ya kufulia itaunguza majani. Ijaribu kwenye jani moja, subiri siku nzima. Inaua kwa kulowesha tu. Ikishakauka haina nguvu tena, na hiyo ndiyo sababu naipendelea. Lakini buu wa mdudu kibibi akiloweshwa naye atakufa, kwa hiyo usipulizie shamba zima. Tazama kwanza, kisha lowesha yale majani tu yaliyojaa kijivu na yasiyo na mabuu wala vibuyu. Fanya jioni, nyuki wakiwa wamesharudi wote mzingani na jua limeshatua. Bomba la kupulizia liwe ambalo halijawahi kubeba sumu nyingine, maana masalio kidogo tu kwenye mpira yanatosha kuharibu kazi yote.

Angalia sisimizi kwenye maharage. Kidukari mweusi wa maharage huishi nao kwa mapatano: yeye huwapa majimaji matamu, wao humfukuza mdudu kibibi, huua mabuu wake na kubeba mayai yake. Nimewahi kukaa mbele ya mche mmoja wa maharage nikamwona buu wa mdudu kibibi, yule mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa na umbo la mamba mdogo, akipanda shina mara tatu na mara tatu akiangushwa na sisimizi. Ukiwazuia sisimizi umefanya zaidi ya kununua pakiti kumi za wadudu. Kwenye miti zungushia shina utepe unaonata. Kwenye maharage ondoa majani yanayogusa ardhi, mwagia maji mashimo yao mara kwa mara, na panda vijiti vipya badala ya vile walivyozoea kupita. Kidukari huyu mweusi, akishakosa walinzi, ni chakula ambacho wadudu kibibi wanakipenda, na watakuja wenyewe.

Na uvumilivu una hesabu yake. Kidukari huzaa bila dume, watoto walio hai, na mtoto huyo baada ya siku kama 7 hadi 10 za joto naye anazaa. Mdudu kibibi kutoka yai hadi kuwa mzima huchukua wiki 3 au 4. Kwa hiyo lazima kitakuwepo kipindi ambacho vidukari wanaongezeka na wewe unaona kana kwamba hakuna kinachotokea. Watu hukata tamaa hapo hapo na kushika bomba. Sumu ikipita, vidukari wachache hubaki na huzaana upya ndani ya wiki, walaji wao wamekufa na watachukua mwezi kurudi, na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Hili si jipya. Mwaka 1888 mtaalamu wa wadudu Albert Koebele alitumwa Australia akapeleka California mdudu kibibi Rodolia cardinalis, ambaye ndani ya muda mfupi aliiokoa michungwa iliyokuwa inakufa kwa mdudu gamba Icerya purchasi. Miaka ya 1940 wakulima walipoanza kupulizia sumu ya DDT, mdudu kibibi yule alikufa na Icerya akarudi mashambani.

Nyanya nizitaje kwa ufupi. Kama ziko kwenye banda la neti au nyumba ya plastiki iliyofungwa, hapo ndipo kununua wadudu kuna maana, kwa sababu hawana pa kwenda: agiza nyigu Encarsia formosa kama aina hiyo inaruhusiwa kwenu, kabla nzi weupe hawajawa wengi. Ndivyo wakulima wa nyanya wa Ubelgiji na Uholanzi walivyofikia kuwategemea wadudu walaji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walianza kuweka ndani ya nyumba za vioo makundi ya nyuki wakubwa wenye manyoya, Bombus terrestris, wachavushe nyanya badala ya kuzitikisa kwa mikono. Nyuki wakishakuwa ndani huwezi tena kupulizia ovyo, na wadudu walaji wakapata nafasi yao. Kama nyanya zako ziko nje, kata majani ya chini yaliyozeeka, lakini yageuze kwanza: vigamba vya nzi weupe vilivyogeuka kuwa vyeusi vina nyigu ndani. Majani hayo yaache chini ya mmea kwa wiki moja nyigu watoke. Kadi za njano zinazonata tumia mbili tatu tu, ziweke ndani kabisa kati ya nyanya, mbali na maua na mbali na njia ya nyuki. Njano huwavuta nyuki na nyigu pia, na kadi za buluu huwavuta nyuki zaidi.

Maharage yenye majani yenye mabaka ya njano na kijani yaliyokunjamana hata baada ya vidukari kuondoka huenda yameshapata virusi. Hapo hakuna mdudu wala dawa itakayosaidia. Ng'oa mche mzima.

Mizinga iache ilipo, hatua ishirini hazina tatizo. Wawekee nyuki chombo kipana cha maji chenye kokoto za kukanyagia, ili wasilazimike kunywa kwenye majani uliyoyalowesha. Kama jirani ndiye atakayepulizia sumu, mwombe akuambie jana yake na afanye usiku. Kufunga mlango wa mzinga kwa wavu huku ukiwa kivulini kunawezekana kwa saa chache tu, zaidi ya hapo joto la ndani linaweza kuyeyusha masega.

Siku ya kumi kuanzia leo, rudi na kioo chako kwenye majani yale yale. Chagua miche 10 ya kabichi, hesabu ni mingapi ina mabuu wa nzi wa maua au vibuyu vya kahawia. Ikifika 5, weka sabuni kando kabisa usiiguse tena msimu huu. Isipofika, niandikie uniambie ni maua gani yaliyochanua bustanini mwako siku hiyo.